Shahidi Mlangoni: Istiara ya Kibiblia katika 'The Martyr' ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Historia ya Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Utangulizi

'The Martyr' ni miongoni mwa hadithi fupi za mwanzo za Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Ni zao la ujana wake wa uandishi, na baadaye aliijumuisha katika mkusanyiko wake wa Secret Lives uliochapishwa mwaka 1975. Katika madarasa ya fasihi hadithi hii huelezwa kwa njia iliyozoeleka: Njoroge, boi wa nyumbani, anauawa na bibi yake Mzungu usiku uleule aliokwenda kumwokoa, basi yeye ni mfano wa Kristo, na jina la hadithi ndilo ufunguo wa fumbo. Maelezo hayo hayakosi msingi, lakini yana upungufu mkubwa. Yanaifunga kesi ambayo hadithi yenyewe imeiacha wazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istiara ya Kibiblia katika hadithi hii haisimami juu ya sura ya mkombozi, bali juu ya sura ya shahidi, na kwamba Kiswahili kinalionyesha jambo hilo kwa uwazi kuliko lugha ambayo hadithi iliandikwa kwayo. Neno la Kiingereza lililo katika jina la hadithi kwa matumizi ya leo lina maana moja tu: mtu anayekufa kwa ajili ya imani au jambo analoliamini. Neno la Kiswahili 'shahidi' lina maana mbili ambazo hazijatengana: aliyekufa kwa ajili ya ukweli, na aliyeona jambo na anayeweza kulieleza mbele ya baraza. Istiara inatumika hapa kwa maana ya kisa kizima kinachobeba ndani yake kisa kingine. Ishara ni kitu kimoja kimoja kinachodokeza maana iliyo nje yake.

Hadithi itasomwa sambamba na historia ya nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Ni lazima kusema mapema kwamba Ngũgĩ hakuiweka hadithi yake huko. Mhusika wake mkuu ni Mgĩkũyũ, na vita vinavyosimuliwa ni vya msitu wa Wagĩkũyũ. Mwandishi mwenyewe alizaliwa Limuru, mahali ambapo chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Hata hivyo, mambo manne ambayo hadithi inayakutanisha katika ua mmoja, yaani ardhi iliyotwaliwa, nyumba za wafanyakazi, shule ya tajiri na lugha ya Biblia, yalijengwa kwa ukamilifu mkubwa katika nchi hiyo ya magharibi ya Bonde la Ufa. Aidha, huko swali la nani ni shahidi limekuwa swali la kisheria, nalo halijapata jibu hadi leo.

Kisa na mpangilio wake

Hadithi inaanza baada ya mauaji. Bwana na Bi. Garstone wameuawa nyumbani kwao, na inasemekana kwamba mtumishi wao mwenyewe ndiye aliyewafanya wafungue mlango. Wanawake watatu wa kilowezi wanakutana kwa Bi. Hill kulizungumza jambo hilo. Bi. Smiles ana sura na msimamo wa kimisionari. Bi. Hardy ana asili ya Makaburu wa Afrika Kusini na hana tumaini lolote juu ya Waafrika. Bi. Hill, mjane anayeishi peke yake, anajiona mwenye huruma kuliko wote: amewajengea wafanyakazi wake nyumba za matofali na amewawekea watoto wao shule. Msimulizi anadokeza kwa kinaya kwamba watoto hao husoma nusu ya siku, na nusu iliyobaki hufanya kazi shambani. Bi. Hill anaamini kwamba watumishi wake wanampenda, na Njoroge ndiye mfano wake.

Usiku Njoroge anatoka kazini akiwa na mawazo mengine. Ardhi ile ilikuwa ya jamaa yake. Baba yake alikufa Nairobi polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji, tukio linaloirejesha akili ya msomaji kwenye mauaji ya Machi 1922 baada ya kukamatwa kwa Harry Thuku. Njoroge amekwisha kupatana na vijana wa msituni kwamba usiku huo atamtoa bibi yake. Lakini saa inapokaribia, anamkumbuka Bi. Hill kama mke na mama wa watoto ambao Njoroge amewaona wakikua, na moyo unamgeuka. Anaamua kumwonya, kisha akimbie. Wakati huohuo, ndani ya nyumba, Bi. Hill naye kwa mara ya kwanza anajiuliza kama Njoroge ana mke na watoto, na anashangaa kwamba hakupata kuliwaza hilo. Kisha mlango unabishwa. Anaitambua sauti. Anakumbuka jinsi Garstone walivyokufa. Anafungua mlango na kufyatua bastola.

Kesho yake magazeti yanamsifu mwanamke aliyelishinda genge zima peke yake. Rafiki zake wanampongeza. Yeye mwenyewe hana furaha. Namna Njoroge alivyokufa inamtatiza, na kila anavyolifikiri jambo hilo linazidi kuwa fumbo.

Jambo la kuzingatiwa katika mpangilio huu ni kwamba mabadiliko mawili ya moyo yanatokea kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa mlango, na hakuna mhusika anayejua ya mwenzake. Msomaji peke yake ndiye aliyeyaona yote mawili. Hadithi imemfanya kuwa shahidi.

Usuli wa kihistoria: ardhi, chai na Neno

Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, ikipita kandokando ya nchi ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni iliwaita watu hao 'Walumbwa', jina ambalo hawakujiita wenyewe. Mwaka 1905 msafara wa kijeshi ulipelekwa dhidi ya Wakipsigis wa Sotik. Mwaka huohuo, katika nchi jirani ya Wanandi, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitishwa kwa madai ya kufanya suluhu. Mkutano wa amani uliogeuka kuwa kifo umebaki katika kumbukumbu ya jamii za Kikalenjin kama kielelezo cha jinsi utawala ule ulivyoingia.

Sheria ilifuata bunduki. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya 1915 iliimarisha mamlaka ya serikali juu ya ardhi ya Waafrika na kuruhusu walowezi kupewa hati za miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, eneo la ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho lilitengwa kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ilianguka na mpango ukavunjika, lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na ile ya James Finlay, zilianza kupanda katika vilima hivyo. Mvua ya karibu mwaka mzima na udongo mwekundu wenye tindikali viliifaa chai kuliko mazao mengi.

Chai ina utaratibu wake, na utaratibu huo ulizaa jamii ya namna yake. Jani haliwezi kungoja. Majani mawili na chipukizi lake lazima yachumwe mara kwa mara mwaka mzima na kufikishwa kiwandani siku hiyohiyo. Kwa hiyo wafanyakazi walipaswa kuishi ndani ya shamba, katika safu za nyumba walizoziita laini, chini ya macho ya nyapara. Waluo, Waluhya, Wagusii na Wakipsigis walikutana humo, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na ya ibada. Tajiri alikuwa mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye zahanati na mara nyingi mwenye shule. Wema wa Bi. Hill, basi, haukuwa tabia ya mtu mmoja tu. Ulikuwa sehemu ya mfumo: nyumba ya matofali ilikuwa zawadi na wakati huohuo kifungo, kwa maana aliyepoteza kazi alipoteza na paa.

Neno la Mungu lilifika kwa njia hizohizo. Willis Hotchkiss alianzisha misheni ya ufundi Lumbwa katika mwongo wa kwanza wa karne ya ishirini. African Inland Mission ilijiimarisha Litein. Na katika miaka ya 1930 kituo cha Tenwek, karibu na Bomet, kikawa kitovu cha wamisionari wa mapokeo ya utakatifu. Katika vituo hivi kusoma kulimaanisha kusoma Biblia. Tafsiri ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka ikiwa kamili mwaka 1952, ilienea makanisani na katika laini. Pamoja nayo ulienea, hasa kwa nguvu za Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Rwanda katika miaka ya 1930, utaratibu wa 'kutoa ushuhuda': mtu husimama mbele ya wenzake na kueleza aliyoyaona na yaliyompata. Hivyo maneno 'shahidi', 'ushahidi' na 'ushuhuda' yalikuwa maneno ya kila Jumapili kabla hayajawa maneno ya wahakiki.

Shamba la Naboti

Kisa cha kwanza cha Kibiblia kilichofichwa chini ya hadithi ni kile cha Naboti wa Yezreeli (1 Wafalme 21). Mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu lililo karibu na jumba lake. Naboti anakataa kuliuza kwa sababu ni urithi wa baba zake. Yezebeli anaandika barua kwa jina la mfalme, anazitia muhuri, na kuwapanga watu wawili wasiofaa wamshuhudie Naboti uongo. Naboti anapigwa mawe nje ya mji, na Ahabu anashuka kulimiliki shamba.

Ulinganifu na historia ya nyanda za juu za Kenya ni wazi, lakini thamani ya kisa hiki imo katika jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Naboti hauawi kwa upanga. Anauawa kwa utaratibu: kwa barua, muhuri, baraza na mashahidi. Udhalimu unavaa vazi la sheria, na kiungo kinachouwezesha ni ushahidi wa uongo.

Ngũgĩ anakipeleka kisa hiki kizazi kimoja mbele. Naboti amekwisha kufa. Ndiye baba yake Njoroge, aliyefia barabarani Nairobi. Mwanawe sasa ni mtumishi katika jumba lililojengwa juu ya shamba lile. Biblia haituambii chochote juu ya maisha ya mtoto wa Naboti ndani ya nyumba ya Ahabu. Hadithi fupi inaingia katika ukimya huo na kuuliza: mtoto huyo atamtazamaje mwenye nyumba, hasa ikiwa mwenye nyumba ni mjane mpweke anayejidhania kuwa mwema? Tena hakuna Eliya. Katika kitabu cha Wafalme nabii anatumwa kumkabili Ahabu papo hapo shambani. Katika hadithi nafasi ya nabii imeshikwa na gazeti, nalo linamtukuza aliyeua.

Majina ya walowezi yanaufanya usomaji wa kiistiara kuwa halali. Smiles, Hardy na Hill ni majina ya kawaida ya Kiingereza, lakini yamepangwa kama yale ya John Bunyan katika kitabu chake cha safari ya Mkristo, kilichotafsiriwa na wamisionari katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Tabasamu, ugumu na kilima: mtu anayeishi kileleni huonekana na wote, kama ule mji wa Mathayo 5:14 usioweza kusitirika, ila yeye mwenyewe haoni vizuri kilicho chini yake.

Mezani na mlangoni

Ishara mbili zinabeba uzito wa hadithi: meza na mlango. Meza inarejelea usaliti. Zaburi 41 na Yohana 13 zinamlilia rafiki aliyekula chakula cha mwenzake kisha akamgeuka. Maneno ya Bi. Smiles na Bi. Hardy juu ya watumishi yanatokana na hofu hiyohiyo. Hofu hiyo ilikuwa na chanzo chake katika historia. Januari 1953, miezi michache baada ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, familia ya Ruck iliuawa huko Kinangop, na habari kwamba watumishi wao walihusika ziliwatikisa walowezi wote. Lakini ishara ya meza imepinduliwa. Yuda aliketi mezani pamoja na bwana wake; Njoroge hakupata kuketi. Yeye huleta na huondoa. Mtu asiyekaribishwa mezani anawezaje kuitwa msaliti wa meza? Hapo ndipo hadithi inapoiuliza lugha ya uaminifu maswali ambayo walowezi hawakutaka kuyasikia.

Hata hivyo Njoroge hana mikono safi, na hii ndiyo sababu sura ya Kristo haimtoshi. Yeye amekubali njama. Anakaribia zaidi kuwa Yuda anayegeuka nyuma kabla ya tendo kukamilika, mtu ambaye hana mfano katika Injili. Yuda wa Mathayo 27 anajuta baada ya kutoa, anarudisha fedha, na makuhani wanamfukuza kwa kumwambia kwamba hilo halitawahusu. Njoroge anajuta kabla ya kutoa, na mlango unamjibu kwa risasi. Katika visa vyote viwili toba inafika mahali ambapo hakuna mtu wa kuipokea.

Mlango una historia ndefu zaidi katika Maandiko. Damu juu ya miimo ya mlango iliwalinda Waisraeli usiku wa Pasaka (Kutoka 12). Rafiki anabisha usiku wa manane akiomba mikate (Luka 11). Mwizi huja saa asiyotazamiwa (Mathayo 24). Mwana wa Adamu mwenyewe husimama mlangoni na kubisha (Ufunuo 3). Bi. Hill, kama msomaji wa Biblia, anayo mifano yote hiyo mbele yake, na katika sekunde chache lazima achague ni upi unaomhusu: rafiki, mwizi, au Bwana. Anachagua mwizi, kwa sababu mwizi ndiye aliyezungumzwa barazani mchana kutwa.

Sehemu iliyo karibu kabisa na tukio hilo, hata hivyo, ni Matendo 12. Petro ameokolewa gerezani usiku. Anafika katika nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana Marko, na kubisha. Mtumishi wa kike, Roda, anaitambua sauti yake na kwa furaha anasahau kufungua. Waliomo ndani wanamwambia ana wazimu. Ngũgĩ ameigeuza kila sehemu ya kisa hiki. Anayebisha ni mtumishi. Aliye ndani ni bibi. Aliyekuja kuokoa ndiye aliye nje. Sauti inatambuliwa hapa pia, lakini utambuzi huo hauleti furaha. Ndio unaoleta kifo. Katika Yohana 10 kuijua sauti ni alama ya kuaminiana kwa mchungaji na kondoo wake. Katika mfumo wa kikoloni, kuijua sauti ya mtumishi kumekuwa sababu ya kumwogopa zaidi kuliko mgeni.

Shahidi: neno moja, pande mbili

Hali ya Hatari ilileta pia mashindano juu ya neno lenyewe. Wapo Wakristo wa Kigĩkũyũ, wengi wao wa Uamsho, waliouawa kwa sababu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na makanisa yakawaita mashahidi wa imani. Upande wa pili, waliofia msituni waliheshimiwa na watu wao kama waliofia ardhi. Takwimu rasmi za wakati ule zilihesabu raia wa Kizungu 32 waliouawa, na wapiganaji wa Mau Mau zaidi ya 11,000. Vifo vya walowezi vilijaza kurasa za mbele. Vya Waafrika wengi vilibaki hesabu. Mwandishi kijana aliyeipa hadithi yake jina la shahidi aliingia katika ubishi uliokuwa bado moto, kwa kuwa marehemu wake hafai kwa upande wowote: aliwaacha wa msituni, na hakufa kwa kukiri imani.

Inafaa kukumbuka kwamba Ngũgĩ alisoma Makerere kuanzia 1959 hadi 1964, karibu na Namugongo, mahali pa ukumbusho wa Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887 chini ya Kabaka Mwanga. Wengi wa mashahidi hao walikuwa watumishi vijana wa jumba la kifalme. Mwaka 1964 Kanisa Katoliki liliwatangaza watakatifu wale waliokuwa waumini wake. Haihitajiwi kuthibitisha kwamba mwandishi aliwafikiria alipoandika. Inatosha kuona kwamba katika fikra za Afrika Mashariki shahidi ni mtumishi wa nyumba kubwa aliyeuawa na mwenye nyumba. Tofauti ni kwamba wale walijulikana walikufa kwa nini. Njoroge hakupata nafasi ya kusema.

Hapa tafsiri ya Kiswahili inatoa msaada mkubwa. Katika Matendo 7, Stefano anapopigwa mawe, wale wanaoweka nguo zao miguuni pa kijana Sauli wanaitwa mashahidi. Ndio wauaji. Torati (Kumbukumbu 17) iliagiza kwamba mkono wa mashahidi uwe wa kwanza kumpiga mwenye hatia. Lakini katika Matendo 22, Sauli huyohuyo, sasa Paulo, anapoikumbuka siku ile, ni Stefano anayeitwa shahidi. Neno limehama kutoka kwa waliorusha mawe kwenda kwa aliyepigwa. Aliyelihamisha ni mtu aliyekuwapo, aliyeshika nguo, na ambaye baadaye alikubali kusema hadharani aliyoyaona.

Bi. Hill ni Sauli aliyeachwa kabla ya safari ya Dameski. Ameua na kuona. Yeye peke yake ndiye anayejua kwamba Njoroge alikuja mlangoni kwa namna isiyofanana na habari za gazeti. Baraza la marafiki limekwisha kutoa hukumu, na linamtaka aithibitishe. Anachoweza kusema ni kwamba hajui. Jibu hilo si ushuhuda, lakini si uongo pia. Ngũgĩ anaifunga hadithi katika pengo lililo kati ya Matendo 7 na Matendo 22: neno 'shahidi' liko njiani, halijafika kwa marehemu.

Ushahidi uliohamishwa

Kama hadithi ingekuwa ya Njoroge na Bi. Hill tu, ingeweza kusomwa kama masikitiko ya watu wawili. Historia ya Kericho na Bomet inaonyesha kwamba kumnyamazisha shahidi kulikuwa kazi ya utawala.

Wakipsigis walikuwa na ukoo wa Talai, ambao ndani yake walitoka orgoiik, viongozi wa kiroho wenye mamlaka ya kubariki na kuonya. Serikali iliwaita 'laibon', neno la Kimaasai, na kuwashuku kuwa chanzo cha kila upinzani. Mwaka 1934 ilipitisha sheria mahususi ya kuwahamisha. Mamia ya watu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya malaria na mbung'o, mbali na vilima vyao vya baridi. Mwaka huohuo wa 1934 ilichapishwa ripoti ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ilikuwa imekusanya ushahidi wa Waafrika juu ya ardhi yao na ambayo utawala ulitaka iwe neno la mwisho. Mambo haya mawili hayana budi kutazamwa pamoja. Upande mmoja ushahidi unaandikwa na kufungwa. Upande mwingine wale ambao neno lao lilikuwa na uzito kwa watu wao wanaondolewa. Aliyekuwa na uwezo wa kuandika taarifa ndiye pia aliyeamua nani awe mtuhumiwa. Hata majina yaliyoandikwa, 'Lumbwa' na 'laibon', hayakuwa majina ya wenyewe.

Waliorejea karibu na Uhuru wa 1963 wengi hawakukuta ardhi ya kurudia. Mahali pengi palikuwa chai. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilipokea simulizi za dhuluma hizo. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa walieleza hadharani wasiwasi wao juu ya madai ya Wakipsigis na Watalai, na mwaka 2022 walalamikaji waliifikisha Uingereza mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Walichopeleka mbele ya mabaraza hayo ni ushahidi: kumbukumbu za wazee waliobebwa Gwassi wakiwa watoto, pamoja na nyaraka za serikali yenyewe.

Hapa ndipo tofauti ya usomaji inapokuwa na matokeo. Anayemsoma Njoroge kama Kristo anapata faraja: kifo kimekuwa sadaka, sadaka imekamilika, na msomaji anaweza kuondoka akiwa ametakasika. Bi. Hill naye anapata msamaha bila kuuomba. Anayemsoma kama shahidi hapati faraja hiyo. Shahidi aliyeuawa kabla ya kusema huacha deni, na deni hilo huwaangukia walioona. Damu ya Habili katika Mwanzo 4 haisemwi kuwa imesamehe. Inasemwa kuwa inalia kutoka katika ardhi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba 'The Martyr' inaitumia Biblia si kwa kuchukua umbo moja na kulivika kwa mhusika mmoja, bali kwa kuvikutanisha visa kadhaa ambavyo kila kimoja kinavunjika mahali pake: Naboti asiye na Eliya, Yuda aliyetubu mapema, Petro asiyefunguliwa, Stefano ambaye Sauli wake bado hajasema. Kinachoviunganisha ni swali la ushahidi. Ngũgĩ alipolihutubia Baraza Kuu la Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki mwaka 1970, alitangaza kwamba yeye hakuwa hata Mkristo. Hilo halipunguzi lolote katika usomaji huu. Mwandishi anaweza kuiacha imani huku akibaki na lugha yake, na riwaya yake ya 1980 iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani inatosha kuwa mfano.

Kwa wanafunzi wa fasihi waliokulia katika laini za chai za Kericho na Bomet, au katika vijiji vinavyozitazama laini hizo kutoka ng'ambo ya mto, hadithi hii inasomeka vizuri zaidi kwa Kiswahili. Si kwa sababu Kiswahili ni karibu na Njoroge kuliko Kigĩkũyũ. Ni kwa sababu kimelihifadhi neno ambamo aliyekufa na aliyeona wamebaki kuwa mtu mmoja. Mhakiki anayeanza kazi yake kwa kuuliza nani alikufa kwa ajili ya nani, afadhali aulize pia nani aliona, nani aliruhusiwa kusema, na nani aliandika taarifa ya asubuhi iliyofuata.